Kompyuta Kuukuu Ikigoma Kuwaka

Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2004 au 2007 bado inaweza kuandika barua, kutunza alama za wanafunzi na kufungua Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwenye diski bila intaneti. Nyingine ni rika moja na Jambo OpenOffice, ile programu ya Kiswahili ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa mwaka 2004, na kazi za ofisi hazijabadilika sana tangu hapo. Kazi haziishindi mashine ya namna hii. Kinachoishinda ni kuwaka. Mwalimu wa TEHAMA kule Mlalo, wilayani Lushoto, au mhasibu wa ushirika pale Soni anapokea mashine ya msaada, anaiwekea Linux kwa kuwa Windows ya sasa haiingii humo, anabonyeza kitufe, skrini inajaa maandishi meupe, halafu kimya. Hukumu hutolewa papo hapo: mbovu, ipelekwe stoo.

Makala hii ni ya mtu huyo. Nachukulia kwamba unajua kuweka Linux kwa flashi au sidii, na kwamba huogopi kuandika amri. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usibadilishe chochote kabla hujausoma mstari wa mwisho uliobaki kwenye skrini. Upige picha kwa simu, maana mashine ikizimwa hutauona tena. Karibu kila mara mstari huo unaonyesha kerneli, yaani kiini cha mfumo, imekwama wapi: kwenye prosesa, kwenye diski, au kwenye skrini. Anayebahatisha atajaribu vitu kumi kwa mpigo na hatajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Betri kabla ya kerneli

Fungua kifuniko kwanza. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa ya duara, CR2032, ambayo hata mafundi saa huiuza. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS pale umeme unapokosekana. Baada ya miaka mingi huisha, na wengi hawajui kwamba imeisha kwa sababu kompyuta yenyewe inaendelea kuwaka. Tatizo ni kwamba kila umeme ukikatika, au kila mtu akichomoa waya ukutani kwa kuogopa radi, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Matokeo yake humfanya mtu atilie shaka kerneli isiyo na kosa. Mfumo uliwekwa wakati BIOS inaiendesha diski kwa namna ya AHCI. Umeme umekatika usiku, asubuhi BIOS imerudi kwenye IDE, na kerneli iliyoandaliwa ikiwa na draiva ya AHCI peke yake haiioni tena diski ile ile. Mwenye mashine ataapa kwamba hakugusa kitu, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo ingia BIOS, tazama tarehe. Ikiwa inasoma miaka ishirini nyuma, nunua betri kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Saa iliyorudi nyuma ina madhara mengine pia: apt inakataa kusasisha ikidai faili halijaanza kutumika, kivinjari kinakataa tovuti salama, na ukiwa unajenga kerneli, make inalalamika «Clock skew detected».

Kwa kuwa kifuniko kiko wazi tayari, fanya mawili zaidi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaingia hadi ndani ya vyumba. Unyevu huo hufifisha meno ya vipande vya RAM. Vitoe, sugua meno kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha. Kisha kagua kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Vikiwa vimevimba kichwani au vimetoa uchafu wa kahawia, hakuna chaguo la kerneli litakaloviponya. Mashine za kati ya 2003 na 2005 ziliathirika sana. Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya tatizo hilo, na OptiPlex GX270 ilikuwa miongoni mwa zilizohusika. Kuna namna ya kutofautisha: mashine yenye kapasita mbovu au RAM mbovu hukwama mahali tofauti kila ikiwashwa, wakati kasoro ya mipangilio ya kerneli hukwama palepale kila mara. Washa, zima, washa tena, ulinganishe picha ulizopiga.

Prosesa inapoikataa kerneli

Hapa ujumbe huwa wa wazi. «This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU» maana yake umeweka mfumo wa biti 64 kwenye prosesa ya biti 32. Ila kosa la kinyume ndilo ninaloliona zaidi, nalo halitoi ujumbe wowote: watu huiwekea biti 32 mashine yoyote inayoonekana chakavu. Core 2 Duo zote, zilizoanza kutoka mwaka 2006, ni za biti 64, na hata baadhi ya Pentium 4 za mwishoni. Washa kwa flashi ya majaribio, andika grep -w lm /proc/cpuinfo. Herufi lm zikitokea, weka biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo anayechagua biti 32 bila sababu anajifungia mlango mwenyewe.

Ujumbe wa pili ni ule unaosema prosesa haina «pae», yaani uwezo wa kutumia RAM nyingi zaidi kwenye biti 32. Huu huwapata wenye kompyuta mpakato za Pentium M za mwanzo, kama ThinkPad T40 na X31 za mwaka 2003. Kichekesho ni kwamba prosesa hizo PAE zinayo, haziitangazi tu. Kwenye Debian chagua kerneli ya 686 badala ya 686-pae. Kwenye jamii ya Ubuntu kuanzia 14.04 ongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia. Ukijenga kerneli mwenyewe, chagua CONFIG_HIGHMEM4G na uachane na CONFIG_HIGHMEM64G. Hupotezi kitu, kwani mashine hizo hazibebi zaidi ya GB 2 za RAM.

Mbaya kuliko yote ni kimya. GRUB, programu inayoipakia kerneli, inaandika kwamba inapakia, kisha mashine inajiwasha upya bila neno. Kama kerneli umeijenga mwenyewe, rudi kwenye aina ya prosesa uliyochagua. Kerneli iliyojengwa kwa ajili ya prosesa mpya hutumia maagizo ambayo ya zamani haiyajui, na hufa kabla haijapata nafasi ya kulalamika. Chagua CONFIG_M686 na uongeze CONFIG_X86_GENERIC. Usitafute kasi hapa, tofauti yake hutaiona kwa macho. Na kama umekuta 386 kwenye stoo ya misheni, iache ipumzike. Linux ilizaliwa mwaka 1991 juu ya 386, lakini toleo la 3.8 la mwaka 2013 liliiondoa kabisa.

Diski, palipo na kesi nyingi

«Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)». Ukiona hayo, usikimbilie kulaumu diski. Soma namba mbili za kwenye mabano, kwa sababu jibu limo humo. Sifuri mbili maana yake kerneli haikuona diski yoyote. Ikiandika 8,1 basi diski imeonekana na hata sehemu yake ya kwanza imeonekana, ila kerneli haijui kusoma mpangilio wa mafaili uliomo, kwa mfano imekosa CONFIG_EXT4_FS. Matatizo haya mawili yana dawa tofauti kabisa, na ujumbe unafanana isipokuwa namba hizo.

Kwa sifuri mbili, washa mashine hiyo hiyo kwa flashi ya Linux inayowaka vizuri, uandike lspci -nn -k. Tafuta kifaa cha IDE au SATA, na chini yake mstari unaotaja draiva inayotumika. Kwenye mashine nyingi za Intel za enzi hizo utakuta ata_piix au ahci. Kwenye bodi za VIA utakuta pata_via au sata_via, kwenye nForce za Nvidia sata_nv, kwenye SiS pata_sis. Hilo ndilo jina unalolihitaji. Kwa ata_piix washa CONFIG_ATA, CONFIG_ATA_SFF, CONFIG_ATA_BMDMA na CONFIG_ATA_PIIX. Kisha usisahau CONFIG_BLK_DEV_SD, ambayo husahauliwa sana kwa sababu inakaa kwenye ukurasa wa SCSI na mtu hadhani diski yake inahusika na SCSI. Inahusika.

Halafu kuna suala la M na Y. Kwenye menuconfig kila draiva inaweza kuwekwa kama moduli au kujengwa ndani ya kerneli. Draiva ya diski ikiwekwa kama moduli, faili lake linakaa kwenye diski, na kerneli haiwezi kuisoma diski bila draiva hiyo: ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ama uijenge ndani kwa Y, pamoja na EXT4, ama utumie initrd, kile kifurushi kidogo ambacho GRUB hukipakia kwenye RAM pamoja na kerneli. Ukitumia initrd, CONFIG_BLK_DEV_INITRD lazima iwepo, na pia uwezo wa kufungua aina ya mbano uliotumika. Mifumo mingi ya sasa hubana kwa zstd, kwa hiyo CONFIG_RD_ZSTD ikikosekana utarudi kwenye sifuri mbili zilezile ukiwa na draiva zote sahihi.

Miongozo ya zamani nayo ina mtego wake. Inasema root=/dev/hda1. Draiva za zamani za IDE ziliondolewa kwenye toleo la 5.14 mwaka 2021, na sasa hata diski ya waya mpana wa IDE inaitwa sda. Usiandike jina la diski kabisa, andika alama yake. Lakini angalia: UUID ya mpangilio wa mafaili inaeleweka na initrd tu. Kerneli isiyo na initrd inaelewa PARTUUID. Nimeona watu wakinakili mstari wa root=UUID kwenye kerneli isiyo na initrd na kushangaa kwa nini hauitiki.

Kuna hali nyingine ambayo haiishii kwa panic. Skrini inaandika «ALERT! UUID=... does not exist» na kukuachia neno (initramfs) likisubiri amri. Hii ni neema, kwa sababu unaweza kuongea na mashine. Andika cat /proc/partitions. Kama hakuna sda, andika modprobe ata_piix, au modprobe ahci, kisha tazama tena. Sda ikitokea, andika exit na mashine itaendelea kuwaka. Baada ya hapo jina la moduli hiyo liingize kwenye faili /etc/initramfs-tools/modules, halafu update-initramfs -u. Kama diski inatokea yenyewe baada ya sekunde kadhaa bila kuitwa, ni nzito tu kuamka, ongeza rootdelay=10.

Vipi kama kibodi haiitiki hapo? Mashine za Intel na VIA za miaka hiyo huendesha kibodi ya USB kupitia UHCI, nyingine nyingi hupitia OHCI. Aliyepunguza kerneli akaacha xHCI na EHCI pekee amejikata vidole. Washa CONFIG_USB_UHCI_HCD, CONFIG_USB_OHCI_HCD na CONFIG_HID_GENERIC. Kwa dharura azima kibodi ya zamani yenye kichwa cha duara cha zambarau. Nayo inataka CONFIG_SERIO_I8042 na CONFIG_KEYBOARD_ATKBD.

Sasa narudi kwenye betri. Faili /etc/initramfs-tools/initramfs.conf lina mstari MODULES=most. Utashauriwa na wengi uweke dep ili kifurushi kiwe chepesi, na ni kweli kinapungua sana. Lakini dep inachukua draiva za vifaa vilivyopo wakati huo tu. Siku BIOS itakaporuka kutoka AHCI kwenda IDE, mashine haitawaka. Kwa vijiji ambavyo fundi wa karibu yuko safari ya basi, mimi nasema bakiza most, labda RAM iwe MB 256 na hakuna namna.

Skrini nyeusi si kifo

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kerneli iko hai na tatizo ni picha. Washa upya, kwenye GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ufute quiet na splash, uongeze nomodeset mwishoni, kisha Ctrl na X. Intel 845 na 855, pamoja na kadi nyingi za zamani za Nvidia, hupona hivi. Gharama yake ni picha nzito na isiyo kali sana, jambo ambalo mtu anayechapa mitihani hatalihisi. Likikubali, liandike kwenye /etc/default/grub na uendeshe update-grub. Kwa kerneli ya kujenga mwenyewe, hakikisha CONFIG_VGA_CONSOLE na CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE zipo, la sivyo draiva ya picha inachukua skrini na maandishi hayana pa kuonekana.

Mashine ikiganda katikati ya mistari ya ACPI au ya PCI, jaribu pci=nomsi, kisha noapic, na acpi=off iwe ya mwisho. Acpi=off hutatua mengi, ila mara nyingi mashine haitajizima yenyewe tena, na kwenye mpakato feni inaweza kutofuata joto. Jaribu moja kwa wakati.

Kujenga mwenyewe

Mashine nyingi hazihitaji kerneli ya kujengwa. Neno moja kwenye GRUB au moduli moja kwenye initrd linatosha. Jenga pale RAM ni ndogo mno, au kifaa chako kimeachwa nje na kerneli ya kawaida.

Ukiamua, usijengee kwenye mashine kuukuu yenyewe, utamaliza LUKU na subira. Tumia mpakato yenye nguvu, na kwa kompyuta ya biti 32 ongeza ARCH=i386 kwenye kila amri ya make. Chanzo cha toleo la 6.1, lile la Debian 12, ni zaidi ya MB 130 kikiwa kimebanwa. Kipakue mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha wapitishie wenzako kwa flashi badala ya kila mmoja kumaliza bando lake. Anza na mipangilio ya Debian 12 inayowasha mashine hiyo, ile iliyo /boot/config- na jina la toleo, uinakili kama .config. Futa thamani ya CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS, maana inaelekeza kwenye faili usilo nalo, na zima CONFIG_DEBUG_INFO ambayo hula gigabaiti nyingi za diski bila faida kwako.

Amri ya make localmodconfig inapunguza draiva kufikia zile zinazotumika sasa hivi. Kwenye mashine kuukuu andika lsmod, hifadhi orodha kwenye flashi, kisha kwenye mpakato uitaje orodha hiyo kwa LSMOD=. Neno muhimu ni «sasa hivi». Kabla ya kuchukua orodha, chomeka kila kitu kitakachowahi kutumika: printa, flashi, modemu, na simu unayotumia kushiriki intaneti kwa waya. Ukipeleka Mtae kompyuta isiyo na CONFIG_USB_SERIAL_OPTION kwa modemu, wala CONFIG_USB_NET_RNDIS_HOST kwa simu, hutakuwa na njia ya kupakua draiva inayokosekana, na utashuka nayo tena hadi Lushoto mjini.

Washa pia CONFIG_IKCONFIG_PROC, ili mipangilio isomeke kutoka /proc/config.gz hata faili lenyewe likipotea. Usifute kerneli ya zamani kwenye GRUB. Ijaribu mpya kwa grub-reboot, baada ya kuweka GRUB_DEFAULT=saved, pamoja na panic=20 kwenye mstari wake. Ikipatwa na panic, mashine inajiwasha yenyewe baada ya sekunde 20 na kurudi kwenye ile iliyozoeleka. Kwa mwalimu aliye darasani na wanafunzi arobaini nyuma yake, hilo lina thamani kuliko kasi yoyote utakayoipata.

Debian 12 imepangiwa kuhudumiwa hadi Juni 2028. Baada ya hapo mashine ya biti 32 isiunganishwe na intaneti. Ibaki kuchapa, kuhesabu na kusomea Wikipedia iliyo kwenye diski. Kwa hiyo shule inapoulizwa na mfadhili inataka kompyuta za aina gani, ijibu kwa maandishi kwamba inataka za biti 64, RAM isiyopungua GB 2, na betri mpya ya BIOS ndani ya kila moja.